Gurudumu Kubwa la Njia ya Mizinga

Kisarawe, 14 Juni 2025

Mjomba wangu Pazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta barazani kwako Sofu, sikio lako zima likiwa upande wa barabara. Sisi huku hatujambo. Magoti yanamsumbua mama mkwe asubuhi, lakini jua likipanda huyasahau. Mikorosho imeanza kutoa maua, na upepo ukivuma kutoka msituni nyumba nzima inanukia. Mimi nimo edani, katika chumba chenye dirisha moja, nasuka ukili wa kushonea mikeka. Siku zinapita polepole kama maji yanayotafuta njia mchangani.

Naandika kwa mkono kwa sababu unazozijua. Mama mkwe ameifungia simu yangu sandukuni mpaka eda iishe, maana kila aliyepiga kunipa pole alinirudisha kilioni. Nawe simuni husikii. Barua hii ataileta jirani yetu Nuria, anayekwenda kliniki Tumbi kila baada ya wiki chache.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Marehemu mume wangu ameacha mizinga, kama ujuavyo, imetundikwa kuuzunguka msitu, mmoja mbali na mwingine. Juzi shemeji yangu Mashaka alikuja kusimama nje ya dirisha.

"Shemeji," akasema, "wewe ulikuwa mke wa marehemu, hukuwa punda wake. Njia ile ya mizinga ilimtoa jasho mwanamume."

"Punda ni aliyekuja na pikipiki mpaka ukutani akamwamsha mama," nikamjibu.

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Amesema ukoo utakaa Jumapili ya mwisho ya Septemba, eda ikiwa imeisha. Siku hiyo nikiweza kuizunguka mizinga yote asubuhi, nikaikagua na kurudi kabla ya adhuhuri, itabaki mikononi mwangu nami nitabaki nyumbani hapa. Nikishindwa, itauzwa kwa mfanyabiashara, nami nitakwenda nitakakotunzwa. Hakusema kwa ubaya. Mizinga isiyokaguliwa huhamwa na nyuki, na hilo ni kweli.

Kwa miguu, mzunguko ule ni wa kutwa nzima. Pikipiki haifai, nyuki hawapatani na moshi wake wala kelele zake, na njia ni nyembamba. Inabaki baiskeli. Ile ya marehemu ilikatika fremu wakati wa masika. Ilikuwa ya giya, ya magurudumu ya inchi ishirini na sita, na alikuwa akisema kila siku kwamba angepata ya ishirini na tisa asingeanguka tena. Wewe umefundisha vijana karakanani maisha yako yote. Niambie, alikuwa anasema kweli?

Mpwa wako,
Siwema


Sofu, Kibaha, 29 Juni 2025

Mpwa wangu Siwema,

Marahaba. Mimi mzima. Jirani yangu amejenga ukuta mrefu, kwa hiyo barabara siioni tena. Naisikia tu, na kwa sikio moja. Mpe pole mama mkwe wako. Mwambie magoti hayapendi sakafu ya saruji, atandike mkeka.

Kwanza nitajibu usilouliza. Eda ikiisha utakuja Sofu. Marehemu mama yako alikuwa dada yangu wa pekee, na kwetu mpwa ni wa mjomba wake kabla hajawa wa mtu mwingine yeyote. Chumba kipo. Msitu si mahali pa mwanamke aliye peke yake.

Sasa nitajibu uliloliuliza, kwa kuwa swali lililoulizwa vizuri halinyimwi jibu. Gurudumu kubwa ni zito. Uzito wake haufanani na uzito wa mzigo. Mzigo unaubeba tu. Gurudumu unalizungusha, na kila ukisimama unaanza upya kulibembeleza. Wewe utasimama kwenye kila mzinga. Spoku zake ni ndefu, na kitu kirefu kikigongwa ubavuni hupinda upesi. Katikati ya miti baiskeli ya namna hiyo huwa ndefu na kaidi. Unaikunja leo, inakubali kesho. Keria huinuka, na ndoo ya asali iliyokaa juu huyumbisha kila kitu kilicho chini yake. Tena wewe ni mfupi. Mama yako alikuwa mfupi na bibi yako vilevile. Si aibu, lakini fremu haina huruma.

Tairi la ishirini na sita utalipata Maili Moja kabla hujamaliza kumsalimu mwenye duka. La ishirini na tisa utaambiwa urudi wiki ijayo.

Kwa hiyo marehemu alikuwa na matamanio. Hakuwa na hoja.

Mjomba wako,
Pazi


Kisarawe, 12 Julai 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tumepokea salamu zako, na mama mkwe ametandika mkeka. Anasema mtu mkali namna hiyo lazima moyo wake uwe laini, la sivyo angeshapasuka.

Nuria ametueleza kwamba umekipaka rangi chumba cha nyuma, rangi ya maziwa, na kwamba umetundika chandarua kipya. Nilimwuliza kama umekonda. Alisema hakuangalia.

Mjomba, uliyoyasema kuhusu gurudumu kubwa ni kweli yote, ila umeyasema ukiwa kwenye barabara iliyoshindiliwa. Njia ya mizinga haijashindiliwa na mtu. Mwanzo wake ni mchanga mweupe wa bondeni, laini kama unga. Kisha inaingia chini ya mivule, na mizizi inaikata njia kama watu waliolala wamenyoosha miguu. Gurudumu dogo huingia katika kila shimo kulisalimia. Gurudumu kubwa hupita juu na kuliitikia kwa mbali. Niliona kwa macho yangu marehemu akirudi magoti yamechubuka, ndoo imemwagika nusu, sisimizi wamemfuata msafara mzima. Alikuwa akisema: "Gurudumu dogo likigonga mzizi husimama. Aliye juu yake huendelea na safari."

Ni zito kuanza, nakubali. Lakini likishaanza, si ndilo linalokumbuka mwendo? Mimi siogopi kuanza upya kila mara. Siku hizi ndiyo kazi yangu.

Jana baada ya alasiri nililala kidogo na ukili mkononi. Nikaota gurudumu kubwa kiasi kwamba lilihitaji kutwa nzima kuzunguka mara moja. Mimi nilikuwa nimekaa ndani yake, kwenye ukingo, nikisuka. Asubuhi nilikuwa chini karibu na mizizi, adhuhuri nilikuwa juu ya miti, nikaona Pugu yote na mbele yake kijani kisicho na mwisho. Nyuki walipita katikati ya spoku bila kuzigusa. Gurudumu lilikuwa likivuma kwa sauti ya chini, sauti ya mzinga uliojaa. Nilipoamka sauti bado ilikuwapo. Ni nyuki waliokuwa kwenye mkorosho wa nje ya dirisha, wakifanya kazi.

Nihesabie hiyo nayo kuwa hoja, au iache.

Mpwa wako,
Siwema


Sofu, Kibaha, 3 Agosti 2025

Mpwa wangu Siwema,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, na sababu sitaiandika. Afya yangu ni nzuri. Nakula.

Ndoto si hoja. Hata hivyo mwalimu asiyejaribu hana haki ya kukataza, kwa hiyo nilikwenda Maili Moja kwa Didas, anayeuza baiskeli za mtumba kutoka ng'ambo. Nilimfundisha akiwa kijana; hakuwa hodari.

"Shikamoo Mwalimu. Leo tunatafuta nini?"

"Natafuta ukweli."

"Huo umeisha, Mwalimu. Labda kontena lijalo."

Nyuma ya duka lake pana lundo la mchanga wa kujengea, limesambaa mpaka njiani. Nikamwomba baiskeli mbili, ya ishirini na sita na ya ishirini na tisa. Nilipanda ile ndogo kwanza. Ilianza vyema, nyepesi, ikanitii. Ilipofika mchangani gurudumu la mbele likazama nikabaki nimesimama wima kama mlingoti.

Didas akaniambia: "Mwalimu, shuka taratibu. Ukivunjika hapa nitaandikwa gazetini."

Nikapanda kubwa. Mwanzo gurudumu lilikuwa zito kama ng'ombe aliyelala. Nililisukuma kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, nikajiona mjinga. Halafu liliamka. Lilivuka mchanga wote, likapanda juu ya vipande vya matofali ambavyo sikuvikusudia, na nilipokuja kutambua nilikuwa upande wa pili, karibu na kituo cha daladala, watu wananitazama. Sijawahi kupita juu ya kitu kibaya kwa utulivu namna ile. Kwa muda mfupi sikusikia chochote, hata kwa sikio zima, na sikuona hasara.

Naandika haya kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nimebadili msimamo. Bado kuna urefu wako. Nitumie kipimo cha mguu kwa upande wa ndani, kutoka unapoanzia mpaka kisigino, bila viatu. Usikadirie. Macho ya ndugu hupendelea. Kipimo hakina undugu. Kipimo kikiruhusu, nitanunua. Kisiporuhusu, tutakuwa tumemaliza, na utafungasha vitu vyako kwa amani.

Mjomba wako,
Pazi


Kisarawe, 16 Agosti 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku maua ya mikorosho yameanza kuanguka na mabibo madogo yanaonekana. Mashaka alileta mihogo. Aliniuliza dirishani kama bado naendesha baiskeli ya ndotoni. Nikamwambia hiyo haihitaji mafuta, aangalie ya kwake.

Nimekucheka, Mjomba, ulipofika kituo cha daladala. Usikasirike. Nilicheka mpaka mama mkwe akaja mlangoni kutazama, maana kicheko changu alikuwa hajakisikia tangu Mei.

Kuhusu kipimo palitokea mambo. Nilikuwa nimechukua kamba ya katani, nimesimama ukutani, naishusha mguuni, mama mkwe akaingia. Alipiga ukelele kama aliyeona nyoka. "Kamba! Unajipima kwa kamba, na eda bado iko mwilini mwako?" Nilisahau, Mjomba. Kamba ndiyo waliyompimia marehemu ili wakachimbe kaburi. Aliye hai hapimwi kwa kamba, hasa mjane, hasa ndani ya nyumba ile ile. Akaninyang'anya, akaitupa jikoni motoni, akakaa chini akalia. Nami nikalia. Tulilia vizuri sana, kisha tukanywa chai.

Baada ya chai nikamweleza habari yote ya magurudumu, tangu mwanzo. Alisikiliza, akaniuliza: "Huyo mjomba wako anataka urefu tu?" Nikasema ndiyo. Akasema ukili si kamba. Ukili ni kazi ya walio hai. Basi nilisuka ukili mwembamba, nikausimamisha mguuni mwangu tangu juu mpaka kisigino, nikaweka alama kwa kucha. Mama mkwe akauchukua kwenda kuukata na kuumalizia mwenyewe, kwa kuwa anasema kazi yangu ya mwisho huwa inafumuka. Ndio huu Nuria anaokuletea. Upime.

Sikutaja jambo moja katika barua zangu, nawe hukuliuliza. Usiku nikisikia upepo, huwa nahesabu mizinga kwa majina aliyoipa marehemu. Sitaki kuuza majina hayo.

Mpwa wako,
Siwema


Sofu, Kibaha, 30 Agosti 2025

Mpwa wangu Siwema,

Marahaba. Nimepokea ukili. Nimeupima mezani kwa rula ya chuma, nikaupima tena siku ya pili asubuhi.

Lazima niseme kwamba nimeshangaa. Nilikuona msibani umeketi chini, umejitanda, na katika kumbukumbu yangu wewe ni mtoto wa kimo cha meza. Sikujua kwamba una miguu ya namna hii. Pengine ni urithi wa upande wa baba yako. Walikuwa watu warefu na wasiosikia ushauri. Nilikuandikia kwamba kipimo hakina undugu, na mimi si mtu wa kula maneno yangu.

Baiskeli inakuja kwa gari la mihogo la Sadick, kijana mwaminifu anayepita kwenu mara kwa mara. Mpe yeye barua zako, ni upesi kuliko kumngojea Nuria. Fremu ni ya alumini, ya mtu mrefu kama wewe. Magurudumu ni ya ishirini na tisa, mbele na nyuma. Nimeyafungua yote mawili nikayasuka upya, spoku moja moja, kwa sababu siamini kazi ya mashine ya ng'ambo. Kwa wiki moja yalikuwa yamening'inia chumba cha nyuma nikiyanyoosha. Jioni upepo ukiingia dirishani yalizunguka yenyewe, polepole, na vivuli vyake vikatembea ukutani juu ya rangi mpya. Nilikaa humo kuliko nilivyohitaji.

Usipande nje mpaka eda iishe. Uani inatosha.

Mjomba wako,
Pazi


Kisarawe, 11 Septemba 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Baiskeli imefika. Ni nzuri sana na sijui nianzeje.

Sadick aliishusha uani, mama mkwe akaizunguka akiwa ameshika kiuno. Nikasimama kando yake. Mjomba, kiti kiko kifuani kwangu. Nikijaribu kuikalia fremu, vidole vya miguu vinatafuta ardhi havipati. Mama mkwe alinishika mkono nikasimama juu ya kinu kilichopinduliwa, nikapanda, nikazunguka ua mara moja kama malkia, kisha ikabidi nisimame. Kusimama hakuna. Niliukumbatia mpapai.

Mama mkwe alitazama kiti, akatazama miguu yangu. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Ukili haukatwi kwenye alama. Lazima uongeze shubiri ya kufungia, ndipo usifumuke." Aliongeza, Mjomba. Aliongeza kwa ustadi, kama alivyoongeza maisha yake yote, na hakuona haja ya kuniambia, kwa sababu kila msukaji anajua. Kisha akaanza kucheka, akasema amemrefusha mkwe wake kwa shubiri nzima, jambo ambalo hata dawa hailiwezi.

Mimi nilicheka naye, lakini ndani yangu kuna kitu kimeketi chini. Jumapili ya ukoo iko karibu. Mashaka amekwisha kumwambia mfanyabiashara aje siku ile ile.

Kile kizunguko kimoja cha uani nitakieleza siku nyingine. Kilikuwa kimya.

Mpwa wako,
Siwema


Sofu, Kibaha, 15 Septemba 2025

Siwema,

Marahaba. Nimesoma. Basi mjadala umekwisha, na umekwisha kwa haki. Nilisema tangu mwanzo kwamba wewe ni mfupi. Baiskeli ya mtu mrefu ikimwangusha mtu mfupi msituni, hakuna wa kumwokota.

Mrudishie Sadick baiskeli. Jumapili ile mwachie shemeji yako mizinga, mpeane mkono, uje. Chandarua kipo.

Pazi


Sofu, Kibaha, 20 Septemba 2025

Mpwa wangu Siwema,

Barua yangu ya tarehe kumi na tano iweke kando. Usiniulize kwa nini.

Nilikwenda kwa Didas kumwambia kwamba narudisha baiskeli. Aliniuliza, "Imeharibika, Mwalimu?" Nikasema haijaharibika. "Mwenyewe ameikataa?" Nikasema hajaikataa. "Sasa nani anairudisha?" Kisha nikamwomba gurudumu la nyuma la inchi ishirini na sita lenye breki ya sahani, ile inayobana kitovuni badala ya ukingoni.

Gurudumu hilo unalo mkononi sasa. Nimelisuka jana. Lile la nyuma lililopo litoe, ulifunge hili. Spana ziko katika mfuko ulio chini ya kiti. La mbele libaki kubwa, kwa kuwa la mbele ndilo linalokutana na mzizi na mchanga kabla ya kitu kingine. La nyuma kazi yake ni kufuata na kubeba. Likiwa dogo, ndoo inakaa chini, spoku ni fupi na ngumu, na tairi lake linapatikana. Shusha kiti mpaka mwisho; nimetuma na nguzo fupi ya kiti. Bado utakuwa juu kidogo, lakini vidole vitagusa.

Kila faida ina kodi yake. Nyuma ikishuka, pedali nazo hushuka. Ukipita kwenye mizizi usiache mguu mmoja chini. Weka miguu yote sawa, kushoto na kulia, uache baiskeli ipite yenyewe. Kwenye kona anza kukunja mapema, kabla mti haujakuambia. Tazama unapotaka kwenda; usitazame unachokiogopa. Mwendo wa gurudumu la mbele hufuata macho.

Nilifundisha miaka mingi kwamba magurudumu mawili ya chombo kimoja lazima yalingane. Halikuwa somo baya. Lilikuwa somo la barabara.

Mjomba wako,
Pazi


Kisarawe, 30 Septemba 2025

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Nimetoka eda. Wanawake walinipeleka kuoga, wakanivika nguo mpya, mama mkwe akanipaka udi. Simu yangu nimerudishiwa, lakini naandika, kwa kuwa wewe husikii na mimi nimezoea.

Jumapili nilitoka baada ya alfajiri. Ukoo wote ulikuwa barazani, na mfanyabiashara amekaa pembeni na kofia yake. Mashaka akaniambia, "Shemeji, hiyo baiskeli mbele twiga nyuma fisi. Itakufikisha?"

"Wewe andaa chai," nikamwambia.

Mwanzo ulikuwa mgumu kama ulivyosema. Nilisukuma, likalala, nikasukuma, likaguna, kisha likaamka. Nilipofika bondeni mchanga ulikuwa bado na umande. Nikauvuka, Mjomba. Sikusikia hata matairi. Ukungu ulikuwa umekaa chini, gurudumu la mbele likaukata ukafungana tena nyuma yangu, nikawa kama mtu anayepita katika maziwa. Nilidhani nimelala. Nilijifinya paja.

Kwenye mivule niliweka miguu sawa. Mizizi ilikuja mmoja mmoja; la mbele likapanda, likashuka, bila kuniuliza. Nyuma likafuata na ndoo. Kwenye kona ya tatu nilichelewa kukunja, pedali ikagonga mzizi, nikaanguka ubavu. Hilo Mashaka halijui, na wewe hutamwambia. Nililala chini kidogo natazama majani. Gurudumu kubwa liliendelea kuzunguka hewani juu yangu, peke yake, na mwanga ukawa unapita katikati ya spoku ukianguka usoni kwangu, ukitoka, ukianguka. Hapo ndipo nilipolitaja jina la marehemu kwa sauti. Badru, nikasema. Nimefika huku. Kisha nikainuka.

Shida ya kupanda haikuwapo, na hili hata wewe hukulifikiria. Chini ya kila mzinga Badru alikuwa ameweka gogo la kusimamia, ili aufikie. Nilisimama juu ya gogo, nikatia moshi, nikafungua, nikatazama, nikafunga; kisha kutoka juu ya gogo lile lile nikakaa kitini. Kutoka gogo hadi gogo, mguu wangu haukuhitaji kuwa mrefu.

Mizinga miwili imehamwa. Mingine yote ni mizito. Nilikata sega moja tu, la ule mzinga aliouita Bibi Harusi.

Nilirudi jua likiwa bado halijafika kati. Mashaka alitazama udongo ulio ubavuni mwangu, akatazama ndoo, akakaa chini kwenye ngazi. Mama mkwe alivunja sega, akampa kwanza yeye. Alitafuna mpaka nta ikabaki.

"Nilikuja kukuonea huruma, shemeji," akasema. "Sasa nakuonea wivu." Akamgeukia mfanyabiashara: "Mzee, samahani. Mizinga ina mwenyewe. Kunywa chai."

Basi nabaki, Mjomba. Naandika neno hilo na najua linasomwa wapi, katika nyumba gani, na nani. Sadick amekuletea chupa. Ni ya Bibi Harusi.

Mpwa wako,
Siwema


Sofu, Kibaha, 12 Oktoba 2025

Mpwa wangu Siwema,

Marahaba. Asali nimeipokea. Nimeila kwa kijiko, kama dawa, kisha si kama dawa.

Kona ya tatu ulichelewa kwa sababu ulikuwa unafikiri. Usifikiri kwenye kona.

Kuhusu neno lako, nimelisoma. Lilikuwa limeandikwa sawasawa. Sina la kusahihisha.

Mawingu yanaanza kujikusanya upande wenu. Nayaona juu ya ukuta wa jirani nikipanda kiti. Vuli ikianza, mchanga wa bondeni utakuwa mgumu na mizizi itateleza kama samaki. Punguza upepo katika gurudumu la mbele kiasi ambacho ukilibonyeza kwa dole gumba linakubali kidogo. Nyuma usipunguze. Futa mnyororo kila ukirudi, hata ukiwa umechoka.

Ikifika masika uniandikie tena. Matope yana sheria nyingine kabisa.

Mjomba wako,
Pazi